Barua za Sura ya Nane

Zilifika Jumanne, saba kwa mpigo, zimefungwa kwa mpira.
Tarishi wa Thunder Bay akauliza, "Bi Sirkka, unadaiwa nini?"
"Nadaiwa kiama," nikamjibu, nikafunga mlango upesi.
Baridi ya huku haibishi hodi.

Mnawajua wale wawili, Teague na Marchetti,
wapelelezi wa televisheni, Alhamisi saa mbili usiku,
wanaotazamana kupita kiasi, kisha linaingia tangazo la sabuni.
Mimi nilichofanya ni kuwaondolea tangazo.
Nikaizima dunia. Nikakata umeme, nikakausha mabomba.
Teague nikamfanya mchuuzi wa chumvi, bastola hajawahi kuishika,
Marchetti fundi wa madaraja, mguu mmoja mbovu.
Wakakutana sura ya pili, juu ya daraja lisilofika ng'ambo.
Sura ya tano wakalala blanketi moja,
na si kwa sababu ya baridi tu.
Nakala arobaini, kwa mashine ya kanisa, usiku,
mchungaji akidhani natoa ratiba ya kwaya.

Bi Pelletier wa Moose Jaw hana muda wa salamu:
"Ukurasa wa kumi na tisa. Kuku hatagi gizani.
Nimefuga miaka thelathini. Jua umeliziba kwa majivu,
yai limetoka wapi?"
Neno yai kalipigia mstari mpaka karatasi ikatoboka.

Wa Leeds ameleta kadi yenye picha ya ng'ombe:
"Watu bilioni tano sawa. Lakini mbwa?"

Mwingine kaficha jina, hasira hakuificha:
"Teague ana mke. Tumemwona kwa macho yetu. Anaitwa Lorraine.
Umempeleka wapi?"
Kweli, nilimsahau. Nikaona haya peke yangu jikoni.
Lorraine, popote ulipo chini ya majivu yangu, uniwie radhi.

Mvulana wa Red Deer, miaka kumi na saba, penseli,
herufi ndogo kama sisimizi wanaohama:
"Nazisoma ndani ya kitabu cha matrekta.
Baba akipita nafunua ukurasa wa gia.
Nina swali moja.
Ni lazima dunia iishe kwanza?"

Nikainuka, nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Ya mwisho ni ya muuguzi, Desmond Achterberg, Vancouver.
"Wodi yangu ina vitanda kumi na vinne.
Huku kimeshaanza, bila majivu, bila king'ora,
na magazeti yamekiweka kurasa za ndani.
Nilikuwa nikimsomea Ruaridh, kitanda cha sita,
kurasa tatu kila zamu. Alilipenda daraja.
Alisema fundi wako anakohoa kama yeye.
Sura ya nane ilifika Ijumaa.
Yeye aliondoka Alhamisi.
Usinifiche: Marchetti anapona?
Si mimi ninayeuliza."

Asiyekuwapo na lake halipo, husemwa.
Aliyesema hakuwahi kufunguliwa bahasha kama hii.

Sura ya tisa iko kwenye droo, imeshapigwa taipu.
Homa, theluji, Teague akichimba kaburi kwa sufuria.
Nililia nikiiandika, na tuseme ukweli,
nilijipongeza kwa kulia.
Nimeitoa, nimeisoma tena. Bado ni nzuri,
na hapo ndipo ubaya wake.

Nimeigeuza. Nyuma yake, kwa penseli, naandika:

*Asubuhi, kama hii ni asubuhi. Kikohozi kipo.*
*"Chumvi imekwisha?" anauliza Marchetti.*
*"Wewe ndiye uliyekwisha," anasema Teague. "Lala."*
*Kwenye kona, juu ya gunia alilokuwa akilalia mbwa,*
*kuku anajikunyata, anatulia, anajiinua,*

na Bi Pelletier anisamehe,
gizani humo humo,
yai.